Tairi za pikipiki Yamaha DT125 ya zamani, nichukue zipi?

Wakuu, nimerithi DT125 ya baba, rimu za njiti. Tairi zina nyufa ubavuni ingawa kashata (vile vinundu vya mpira vya kushika tope) bado zipo. Naenda nayo shamba Lushoto, na mvua ikinyesha ile milima ni utelezi mtupu. Mbele 2.75-21, nyuma 4.10-18. Naomba ushauri.

— Pole kwa msiba, mkuu. Zenye nyufa usizipande tena, mpira umeshakauka. Nunua za kashata, saizi hiyohiyo. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya DOT iliyoandikwa ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililolala dukani miaka mingi mimi silichukui hata kwa bei ya kutupa.

— Na tyubu mpya! Ya zamani imetanuka, ndani ya tairi jipya itajikunja na kupasuka. Fundi asugue kutu ya rimu, akague ncha za njiti, abadilishe utepe wa rimu unaokinga tyubu. Mshale wa ubavuni ufuate mzunguko wa kwenda mbele.

— Asanteni. Fundi anasema nyuma niweke pana zaidi?

— Kataa, ndugu yangu. Itaweza kugusa mnyororo.