Shangazi anauliza: kwa nini miungu wa Kichina wakipendana lazima mmoja afe? Nimjibu nini?

FundiWaArua:
Habari zenu jamani. Mimi ni mshonaji hapa Arua, nashona na shangazi yangu chumba kimoja. Jioni kazi ikipungua tunatazama tamthilia za Kichina kwenye simu yangu, zile za miungu na mashetani. Shangazi Kiingereza hakipandi, na zilizotafsiriwa na maveejay, wale wanaosimulia filamu kwa sauti yao, ni za Kiluganda, ambacho sote hatukipati vizuri. Kwa hiyo nasoma maandishi ya chini na kumfasiria kwa Kiswahili, sindano mkononi.

Sasa tuko kwenye Ashes of Love, ile ya 2018 yenye vipindi 63. Jin Mi, binti mhusika mkuu, alilishwa kidonge na mama yake alipozaliwa ili asipende kamwe. Amekua hajui mapenzi ni kitu gani. Akaamini Xu Feng, kijana anayempenda, ndiye aliyemuua baba yake, akamchoma kisu. Halafu, jamani, halafu ndipo kile kidonge kinamtoka mdomoni pamoja na damu! Kifua kinamuuma, haelewi kwa nini. Anadhani amerogwa. Anatafuta dawa ya kutolewa uchawi.

Hapo nilinyamaza. Shangazi akanigusa kwa kiwiko: "Anasema nini? Mbona humalizi?" Sauti haikutoka. Gauni la mteja lilikuwa mapajani, satini ya rangi ya maziwa, machozi yakaacha madoa mawili kifuani. Ilibidi nilifue usiku uleule.

Kuna neno linarudi kila tamthilia, wanalitamka "jie". Nilimfasiria "mtihani". Akakataa kabisa: mtihani wa Mungu una subira na una malipo, huu wao unachukua tu. Nani hasa anawaadhibu hawa? Na tumalize au tuache?

MtazamajiJinja:
Dada, hilo neno umelipatia. Katika hadithi hizi mungu hapandi daraja bila kupita jie. Kuna jie ya radi, na kuna ya kushushwa duniani: unazaliwa binadamu, unapenda, unaumia, unakufa, kisha unaamka mbinguni. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kufa zaidi ya mara moja.

Mtazameni Su Su wa Eternal Love (2017). Ananyang'anywa macho, anajirusha kutoka jukwaa la Zhuxian. Anaamka kumbe ni Bai Qian, mungu wa ukoo wa mbweha, anaomba dawa asahau yote. Ye Hua, mume wake, anabaki akikumbuka, miaka 300. Mimi namlilia huyo. Aliyesahau amepumzika.

MwalimuMbale:
Kupanda daraja ni sehemu tu. Hii ni ya kale kuliko televisheni. Wachina wana hadithi ya Zhinü, binti wa mbinguni, mfumaji, aliyeolewa na mchunga ng'ombe wa duniani. Wakubwa wa mbinguni wakawatenganisha kwa mto wa nyota, ule mkanda mweupe tunaouona usiku pasipo na taa. Hukutana mara moja kwa mwaka, tarehe 7 ya mwezi wa 7 wa kalenda yao, ndege wa jamii ya kunguru wakijipanga kuwa daraja.

Mwambie shangazi kwamba mbingu ya hadithi hizo ni kama dola: ina mfalme, maofisa, vyeo na sheria. Anayewaadhibu wapenzi ni sheria hiyo. Na hapa kwetu nani hajaona posa ikirudishwa kwa sababu ya kabila au dini? Wanaopendana hawana kosa, lakini mlango unafungwa.

Nakato_88:
Malizeni. Mimi Till the End of the Moon (2023) niliiachia kipindi cha 39 kati ya 40, nikiogopa. Kile kimoja bado kinanikaa rohoni. Usifanye hivyo.

FundiWaArua:
Asanteni sana. Nimemsomea shangazi yote. La Zhinü limemgusa. Aliuliza, mwaka mzima akisubiri anafuma nini? Nikamwambia, wanasema anafuma mawingu. Akakata uzi kwa meno, akakaa kimya kitambo.

Kisha akasema, mwalimu anisamehe, hiyo sheria ya mbinguni ni kweli kwa Zhinü, ila kwa Jin Mi hapana. Aliyemfunga Jin Mi ni mama yake. Mama aliumizwa na mapenzi, akaogopa, akamfungia mtoto mlango ambao mtoto hata hakujua upo. "Hakumlinda. Alimchelewesha."

Shangazi hakuwahi kuolewa. Nimeishi naye tangu nikiwa na miaka tisa na sijawahi kumuuliza kwa nini. Jana pia sikuuliza. Nilisogeza kiti changu karibu na chake, nikaegemeza simu kwenye cherehani.

Tunaendelea leo usiku. Nimenunua MB za kutosha, na nguo za wateja nimeshazitundika ukutani.