Ikiuzwa Mbeya City tumpe nani: tubaki na halmashauri, tajiri mmoja, au hisa za wananchi?

Nyundo_Kabwe (mwanzisha mada)

Wadau wa Nyanda za Juu, poleni na baridi.

Wiki nzima kijiweni kwetu Kabwe wimbo ni mmoja: timu inanunuliwa. Jana mnunuzi alikuwa mtu wa dhahabu, leo ni mtu wa mchele, kesho atakuwa "jamaa fulani wa Dar". Jina hana mtu, karatasi hakuna aliyeiona, na kila msimuliaji kaipata kwa dereva bajaji. Kwa hiyo niseme mapema: haya ni maneno ya kijiwe, msije mkaninukuu.

Lakini hata kama ni uzushi, bora tubishane sasa kuliko kubishana mkataba ukiwa umeshasainiwa. Timu ni ya Halmashauri ya Jiji. Tulipanda Ligi Kuu 2013, na msimu wetu wa kwanza tu, 2013/14, tukiwa na kocha Mwambusi tukamaliza wa tatu. Simba walikuwa wa nne, nyuma yetu. Halafu 2023 tukashuka, tukasota Championship, daraja la chini ya Ligi Kuu, misimu miwili, 2025 tukapanda tena. Swali langu: tusipobadilisha kitu, tutakaa?

Naona njia tatu. Tubaki na halmashauri. Au tajiri mmoja achukue mzigo wote, mtindo wa Azam ya Bakhresa. Au iwe kampuni, wananchi wawe na asilimia 51 ya hisa na mwekezaji 49, njia waliyoichagua Simba na Yanga. Mimi nipo kwa tajiri. Nimechoka kusikia neno "bajeti". Nipigeni mawe.

Mama_Soweto

Jiwe la kwanza hili hapa, mwanangu.

Mimi nauza viazi soko la Soweto, ushuru nautoa kila siku, na jezi ya zambarau ninayo tangu 2013, imepauka mpaka imekuwa rangi ya maji ya maharage. Naipenda timu. Lakini kila mchezaji mpya akisajiliwa huwa najiuliza hiyo hela imetoka kwenye tuta gani. Mapato ya ndani ya halmashauri yana kazi nyingi: asilimia 10 peke yake lazima iende kwenye mikopo ya kina mama, vijana na watu wenye ulemavu, nne, nne, mbili. Bado zahanati, bado mitaro. Halafu tena mshambuliaji?

Tajiri aje, aichukue, ushuru wangu urudi kwenye choo cha soko. Nitaendelea kushangilia, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Mhasibu_Forest

Mama umegusa penyewe, ila acha niongeze ninachokijua kwa kufanya kazi na hesabu za serikali za mitaa (siyo lazima ya jiji hili).

Mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza Julai mosi. Dirisha la usajili nalo ni kipindi hichohicho. Kocha anataka beki leo, kwa sababu kesho beki yuko kwa mwenzako. Halmashauri inataka kifungu, dokezo, sahihi tatu, na mkaguzi atakuja baadaye kuuliza kwa nini beki amelipwa kabla hajapimwa afya. Hakuna mwizi hapo. Ni mfumo uliotengenezwa kununua madawati, sisi tunautumia kununua mawinga.

Ila tusidanganyane kuhusu biashara yenyewe. Mapato ya klabu ya mkoani ni mgao wa televisheni, wadhamini, mlango, na kuuza mchezaji. Mkataba wa matangazo wa Azam Media na TFF, shirikisho la soka, wa 2021 ni shilingi bilioni 225.6, ndiyo, lakini ni wa miaka 10 na klabu zote zinagawana. Mlango wa uwanja wetu wa Sokoine unatema vizuri siku za Simba na Yanga. Siku nyingine zote unahesabu wale wale wa jukwaa letu. Sasa toa safari: Dar peke yake ni zaidi ya kilomita 800 kwenda, bado Kigoma. Anayekuja kununua hii timu ili apate faida ya haraka, mimi namwogopa kuliko asiye na hela.

Nyundo_Kabwe

Mhasibu, Azam wao wanapataje? Timu ilianza na wafanyakazi wa kiwanda, 2008 ikapanda, 2014 ubingwa bila kufungwa mechi hata moja. Na ubingwa wenyewe walikuja kuuchukulia hapahapa Sokoine, Aprili 13, wakatufunga 2-1. Nilikuwepo. Mvua ilikuwa imekatika, mlima Loleza umejifunika wingu kama mtu aliyeona aibu, na mzee mmoja mbele yangu akavua kofia, akaikung'uta, akasema "hawa wana baba". Akaondoka.

Sentensi ile sijaisahau. Nataka na sisi tuwe na baba.

Mhasibu_Forest

Baba yule alijenga nyumba kwanza. Chamazi ni yao: uwanja, hosteli, akademi. Sokoine ni ya chama, CCM, siyo ya jiji wala ya klabu. Atakayeinunua Mbeya City atakuwa amenunua jina, mikataba ya wachezaji na nafasi kwenye ligi. Hata nyasi moja haimo.

Kwa hiyo tajiri akija, swali langu la kwanza siyo usajili. Namuuliza kiwanja cha mazoezi anajenga wapi, Uyole au Iyunga?

Mwana_Chunya

Hamtaji KenGold, kwani sisi siyo Mbeya?

Timu ya mtu binafsi hiyo, ya huku kwenye dhahabu. 2024 ikachukua ubingwa wa Championship, ikapanda. Msimu wa 2024/25 ikacheza Ligi Kuu, ikashika mkia, ikashuka. Mechi za nyumbani zilichezwa Sokoine, yaani ya kwetu lakini nauli tunalipa.

Faida ya mwenye timu mmoja: uamuzi unafanyika kwa simu moja. Hasara yake: ni simu hiyohiyo moja. Asipopokea, mmekwisha.

Mzee_wa_Tukuyu

Wanangu, mnazungumza kama mpira wa mkoa huu ulizaliwa 2013.

Mwaka 1986 Tukuyu Stars ilipanda na mwaka huohuo ikachukua ubingwa wa Tanzania Bara. Banyambala, ndilo jina letu la utani! Mji mdogo, mvua mwaka mzima, ndizi na chai. Hatukuwa na mwekezaji, hatukulijua hata neno lenyewe. Watu walichanga. Ninakumbuka mama mmoja wa Kiwira alileta mikungu mitatu ya ndizi, akasema hii ni ya nauli, mtauza wenyewe.

Na Prisons mnao hapohapo jijini, mali ya Magereza, miaka inakwenda na wao wapo. Hawana makelele, hawana tajiri, wana mshahara wa uhakika na nidhamu. Hiyo njia ya nne mbona hamjaiandika? Mtibwa Sugar nao walichukua ubingwa 1999 na 2000 kwa jasho la kiwanda cha sukari. Taasisi haifi ghafla kama mtu.

Mama_Soweto

Shikamoo mzee. Ndaga fijo kwa historia. Lakini mikungu mitatu ya leo haifiki hata Makambako.

Mzee_wa_Tukuyu

Marahaba mwanangu. Hilo nalo kweli.

Lipuli_Damu

Nasoma nikiwa Iringa, naona mnarudia makosa tuliyoyafanya vijiweni kwetu pale Samora.

Juni 2019 Lipuli, timu yetu ya Iringa, tulikwenda Lindi, uwanja wa Ilulu, fainali ya Kombe la FA. Tukafungwa 1-0 na Azam. Mji mzima ulikuwa unasema: mwakani Afrika. Mwaka uliofuata, 2020, tukashuka daraja. Na mnajua tulishuka na nani? Singida United. Hao walipanda 2017 wakiwa na wadhamini mpaka kwenye soksi, msimu wa kwanza wakamaliza wa tano na wakacheza fainali ya FA, wakafungwa 3-2 na Mtibwa. Sisi tulikuwa tunachangishana mafuta ya basi, wao walikuwa gumzo la nchi. Tukakutana mlango mmoja wa kutokea.

Hela ya tajiri na hela ya harambee zikiwa za msimu mmoja, zote ni hela za msimu mmoja.

Mashetani_Iyunga

Mie wa Manchester United. Niulizeni kuhusu kununuliwa timu 😂 Familia ya Glazer 2005 waliinunua kwa kukopa, deni wakalibebesha klabu yenyewe. Tajiri Ratcliffe kaja 2024 na robo yake ya hisa na kidogo, bado kila wikiendi natoka kibanda umiza nimenuna. Wajerumani ndio wajanja, kule kura nyingi ni za wanachama kwa kanuni. Nusu na kura moja juu.

Nyundo_Kabwe

Basi ni njia ya tatu hiyo, 51 kwa 49. Tunaweza?

Mhasibu_Forest

Simba na Yanga zilikuwa za wanachama tangu enzi za mababu, kwa hiyo ile 51 ilikuwa na mwenyewe tayari. Simba 2017 tajiri Mo Dewji alishinda zabuni, bilioni 20 kwa asilimia 49 ya hisa. Uwanjani matunda yalionekana, 2019 wakaingia robo fainali ya Afrika. Kwenye makaratasi mabishano ya mchakato yakaendelea miaka na miaka. Sasa hao ni Simba, wana wanasheria mpaka jukwaa la mzunguko.

Sisi 51 yetu ni ya nani? Mwananchi wa jiji siyo mwanachama wa klabu. Mama wa Soweto analipa ushuru, lakini hana kadi wala kura. Ukisema "wananchi" kwa lugha ya sheria unasema halmashauri, na tumerudi palepale. Labda kwanza tuandikishe wanachama, kwa kadi, kwa mwaka, ndipo tuone tuko wangapi kweli. Ninahofu tukijihesabu tutanyamaza.

Mpunga_Ubaruku

Nimekuwa nasoma tu tangu asubuhi. Naomba niseme.

Mimi natoka Mbarali. Novemba 29, 2022, Yanga walikuja uwanja wa Highland Estates, nyumbani kwa timu yetu ya Ihefu, wakiwa hawajafungwa kwenye ligi mechi 49. Nilikuwa nimesimama juu ya trela la trekta na wenzangu kama kumi na watano, tairi moja limewekewa jiwe lisisogee. Ihefu 2, Yanga 1. Filimbi ya mwisho tuliruka wote kwa pamoja, jiwe likatoka, trela likateremka taratibu mpaka kwenye mfereji wa maji ya mashamba. Hakuna aliyeshuka. Tuliimba tukiwa tumesimama kwenye maji. Oktoba mwaka uliofuata Yanga wakarudi, wakafungwa tena 2-1. Ubaruku! Mahali ambapo wengi mlikuwa mnapajua kwa gunia la mchele.

Msimu haujaisha, 2024, mechi za nyumbani zikaanza kuchezwa uwanja wa Liti, Singida. Msimu mpya ulipofika na jina likabadilika: Singida Black Stars. Wanafanya vizuri, nawatakia heri, simlaumu mtu. Sheria ya mpira ndivyo ilivyo: kilicho na thamani ni ile nafasi ya ligi, na anayeishika anaweza kuondoka nayo kama mtu anavyohama na kitanda chake.

Ihefu ni jina la bonde letu, la maji yetu. Bonde limebaki.

Kwa hiyo mnapolinganisha halmashauri na tajiri na hisa, mimi nawauliza kitu kimoja tu. Imeandikwa wapi kwamba timu haitatoka Mbeya? Kifungu gani, na nani mwingine lazima asaini ili kifutwe? Kama hakipo, bei yoyote mtakayopewa ni ndogo.

Mwana_Chunya

Duh.

Mama_Soweto

Pole sana baba. Nilisema juu pale tajiri aichukue. Naomba niongeze: aichukue ikiwa imefungwa kamba mguuni.

Nyundo_Kabwe

Mkuu wa Ubaruku, umenirudisha nyuma. Nilikuwa natafuta baba, sikufikiria kwamba baba anaweza kuhama na watoto.

Basi nabadilisha mada kidogo. Mhasibu, je, halmashauri ikiuza sehemu kubwa lakini ikabaki na hisa kidogo zenye kura ya kukataa mambo matatu tu, jina, rangi na mji? Tajiri aendeshe mengine yote: asajili, afukuze kocha, auze mchezaji kwa simu akiwa bafuni.

Mhasibu_Forest

Inawezekana, kampuni nyingi huandika hivyo kwenye katiba yake, hisa chache zenye kura maalumu. Na ndiyo hiyo ninayoiunga mkono kuliko zote tatu ulizoanza nazo. Ila jiandae: wanunuzi nusu wataondoka siku wakikisoma hicho kifungu.

Lipuli_Damu

Waende. Hao ndio waliokuwa wanataka kitanda.

Mzee_wa_Tukuyu

Hapo mmesema. Ila mimi bado naitaka ile ya taasisi. Mtu anaugua, anagombana na mkewe, anachoka na mpira. Koma kumwanya, kama msemo wenu wa jukwaani, hata hivyo.

Mashetani_Iyunga

Swali nje ya mada: Ubaruku, siku hizi unashangilia timu gani?

Mpunga_Ubaruku

Ligi ikianza huwa napanda Noah alfajiri mpaka Sokoine. Nakaa huku mwisho, karibu na kibendera cha kona, nanunua karanga, nawatazama. Kelele napiga.

Jezi bado sijanunua. Nasubiri mniambie imeandikwa wapi.