Tupeane uzoefu: Stori ulizojitungia kichwani mpaka ukakosa usingizi, mwisho wake ilikuwaje?

Mtunza Stoo
Wakuu, habari za jioni. Ijumaa iliyopita, saa kumi na dakika arobaini, begi liko begani, bosi akanitumia meseji: "Jumatatu njoo na mafaili yote ya mwaka jana." Basi. Hata salamu hakuna. Daladala inafika Mbagala mimi nimeshafukuzwa kazi, kodi imenishinda, mwenye nyumba ametoa vyombo nje na mke amerudi kwao Handeni na watoto. Jumamosi mchana sikula. Jumapili kanisani mahubiri yalinipita pembeni. Jumatatu naingia na maboksi yangu, jasho linanitiririka, bosi ananiambia wakaguzi wanakuja Jumatano, na kwa kuwa wewe ndiye unayepanga vizuri, utawapokea.

Na hii si mara ya kwanza. Leteni za kwenu, na aliyepata dawa asiifiche.

Mama Vitumbua
Umenikumbusha mbali. Kuna baba mmoja, mtu wa ofisini, miaka mitatu ananunua vitumbua vitano kila asubuhi. Ghafla akaanza kupitia ng'ambo ya barabara, salamu ananipungia mkono tu. Nikasema hapa kuna mtu kanichafua. Na nilishamjua: jirani yangu wa chapati, tuliwahi kugombania kivuli cha mwembe. Nikamnunia. Nikabadilisha mchele, nikaongeza iliki, hata chumvi ya mawe nilimwaga mbele ya jiko (chekeni, lakini nilimwaga). Mwezi mzima.

Siku hiyo uzalendo ukanishinda nikamfuata: "Baba, nimekukosea nini?" Akaona aibu. "Mama, nimeambiwa nina sukari. Nikipita karibu nikisikia ile harufu, nanunua."

Haya, sukari. Shida ikabaki kwa jirani, nimemnunia mwezi na hajui kosa lake. Kurudisha salamu pale kulinitoa jasho kuliko kupika.

Kijana wa Boda
Mimi abiria akikaa kimya njiani najua huyu atashuka akimbie. Miaka minne, wamenikimbia wawili. Na bado kila aliye kimya namwogopa.

Muuguzi wa Zamu
@Mtunza Stoo na @Mama Vitumbua, mlikuwa mnapiga ramli. Mmoja alipiga ramli ya kesho, mwingine ya moyo wa mtu. Wala si ujinga, kila binadamu anayo. Daktari mmoja wa akili huko Philadelphia, Marekani, Aaron Beck, alikutana nalo miaka ya 1960 kwa wagonjwa wake wa sonona: mawazo yanakuja yenyewe, mbio mbio, na mtu anayapokea kama habari iliyothibitishwa. Tiba aliyoanzisha hapo inatumika mpaka leo, na ukiivua majina makubwa ni maswali tu. Umejuaje? Kuna nini kingine kinachoweza kuwa?

Mimi nawapa watu karatasi. Piga mstari katikati, kushoto andika NINACHOJUA, kulia NINACHODHANI. Mtunza Stoo, kushoto kwako kungekuwa na mstari mmoja: bosi anataka mafaili.

Wenzetu wa Zimbabwe wana neno kabisa, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Pale Harare daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wa mtaani, wanakaa kwenye benchi nje ya zahanati na mtu mwenye mawazo. Bibi hamwambii usiwaze. Anamsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo wiki hiyo.

Fundi Kitenge
Mwaka wangu wa kwanza kwenye cherehani niliharibu gauni la harusi, sio la bibi harusi, la shangazi yake, ambalo ndilo baya zaidi. Nililikata kifua kidogo. Nikaondoka kijiweni nikimwambia fundi wangu, mimi sina mkono wa kazi hii. Hakunibembeleza. Akanitupia daftari la oda: "Hesabu." Nikahesabu nguo 63 toka Januari. Zilizoharibika mbili. "Sasa hizo 61 zilishonwa na nani?"

Shangazi alilipwa kitambaa, kwa awamu.

Nimekaa Kimya
Ngojeni niwaharibie sherehe. Mimi niliambiwa "unawaza sana" na dada zangu, na mama mkwe, na mchungaji. Mume akichelewa, unawaza sana. Simu kaigeuza kifudifudi, unawaza sana. Nikajiona mgonjwa. Mtoto wa nje ana miaka miwili sasa. Kwa hiyo hili somo lenu mlitumie kwa adabu, kuna watu wanalitumia kutufunga midomo.

Muuguzi wa Zamu
@Nimekaa Kimya, pole sana dada, na umesema kweli. Ndiyo maana ile karatasi ina upande wa kushoto. Wewe kwako ulikuwa umejaa, walikataa kuusoma. Pia jamani, kama usingizi, hamu ya kula na nguvu vimekwisha kwa wiki mbili na zaidi, au umeanza kufikiria kujidhuru, achana na karatasi, nenda hospitali, siku hiyo hiyo.

Mtoto wa Singida
Baba aliniambia kwenye simu Jumanne kwamba kifua kinabana kidogo. Nikasema nitakuja wikiendi, nalipia mashine ya kusaga kwanza. Alifariki Ijumaa alfajiri. Mwaka mzima nikawa naisikia ile "kidogo" yake, nikiwa nasaga, nikiwa naoga. Nilimuua. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nasema, kwa sauti, peke yangu.

Baba mdogo alinikuta nyuma ya mashine nikijiongelesha. Akakaa juu ya gunia. Akaniuliza, "Jumanne ulijua nini?" Nikasema kifua kinabana kidogo. "Mimi nilikuwa naye nyumba moja, nilijua hivyo hivyo, na jioni tulicheza bao akanifunga. Mbona mimi hujaniita muuaji?"

Sikuwa na jibu. Bado inauma, hasa Ijumaa. Lakini lile neno la kuua sijalisema tena.

Mama Vitumbua
Pole mwanangu. Mungu amlaze pema.

Mtunza Stoo
Ndugu wa Singida, pole sana, nimesoma nikaweka simu chini kwanza.

Nilitaka kuwashukuru wote, ila muda huu bosi ametuma: "Upo?" Nimejibu nipo. Tiki mbili, za bluu, dakika ishirini sasa, kimya. Nimemwomba mwanangu karatasi kwenye daftari lake. Kushoto nimeandika "Ameuliza kama nipo." Kulia nimefika namba sita.