Simu ya ofisi au nyongeza ninunue yangu? Natakiwa kujibu kabla ya Ijumaa

AfisaMikopo_Moro

Habari za jioni wadau. Mimi ni afisa mikopo wa vikundi, kituo changu ni Morogoro na vikundi vyangu viko Dumila, Magole na Kilosa mjini. Siku tatu kwa wiki niko juu ya pikipiki. Kazi yote iko kwenye simu: namsajili mteja, napiga picha kitambulisho chake cha NIDA, napiga picha biashara yake, naingiza marejesho kabla wanachama hawajatawanyika.

Simu yangu ni Samsung Galaxy A12, niliinunua 2021. Kioo kina ufa, na ikifika saa sita mchana chaji imebaki asilimia 20. Wiki iliyopita ilizima Magole katikati ya marejesho. Nikaandika kwenye daftari, usiku nikaingiza jina moja moja. Mama mmoja nilimruka. Alikuwa amelipa wa kwanza kabisa siku ile, na asubuhi akapokea ujumbe kwamba amechelewesha rejesho. Iliniuma sana, maana yule mama hajawahi kuchelewa hata siku moja.

Sasa ofisi imetupa njia mbili. Ya kwanza, wanatoa Galaxy A15 mpya, laini ya ofisi na bando la kila mwezi. Simu inabaki mali yao, na huweki programu yoyote bila ruhusa ya watu wa Tehama. Ya pili, wananipa shilingi 300,000, naongezea, nanunua ninayoitaka na inakuwa yangu. Ila lazima niweke mfumo wao ndani, na nikiacha kazi kabla ya mwaka kwisha nawarudishia sehemu ya hela.

Wenzangu karibu wote wamechukua hela. Mimi nasita. Kwenye simu yangu kuna M-Pesa, kuna hesabu za kikoba cha mtaani kwetu (mimi ndiye mweka hazina), na kuna sauti alizokuwa akinitumia marehemu mama WhatsApp. Sitaki ofisi ipate mlango wa kuingia humo. Lakini pia wateja wangu kama 140 wanaijua namba yangu binafsi, wananipigia hata saa nne usiku. Naombeni uzoefu wenu.

Kericho_Nyanjani

Pole dada. Mimi ni wa Kericho, nilikuwa afisa wa nyanjani katika kampuni ya mbegu kwa miaka minne. Nilichukua simu ya kampuni na laini yake, nikaiona ni afueni. Pole pole hiyo namba ikawa ndiyo yangu: niliiandikisha benki, kwenye chama, hadi shuleni kwa watoto. Mkataba ulipoisha nilirudisha simu na laini jioni, nikaenda nyumbani. Wiki iliyofuata nikitaka kuingia kwenye akaunti ya benki, msimbo ulikuwa unaenda kwa simu ya mtu aliyechukua nafasi yangu. Ilinichukua karibu miezi miwili kubadilisha kila mahali, na mwalimu wa darasa alikuwa amempigia huyo mtu kumwambia mtoto wangu ni mgonjwa.

Laini ikiwa imesajiliwa kwa jina la kampuni ni ya kampuni, hata uitumie miaka kumi. Simu chukua, lakini mambo ya nyumbani yasiguse ile namba.

Mama_Ifakara

Mdogo wangu, mimi nakushauri uchukue hela. Simu ya ofisi ikipotea ndipo utajua ni ya nani. Mimi niliporwa stendi, nikaenda polisi, nikaleta ripoti ya upotevu, na bado nilikatwa mshahara miezi mitano. Fomu niliyosaini ilisema mtumishi atawajibika, na mimi sikuisoma. Ukiamua kuichukua, soma kipengele cha wizi kabla hujashika kalamu, na wakuandikie kwamba ukiporwa ukiwa kazini hukatwi.

Fundi_Aggrey

Dada yangu, mimi ni fundi, meza yangu iko Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Kabla hujachagua, waulize Tehama mfumo wao unakaaje ndani ya simu, kwa sababu Android ina njia mbili.

Moja inaitwa wasifu wa kazini, ipo tangu Android 5.0 ya 2014. Simu inagawanyika pande mbili, programu za kazi zinakuwa na alama ndogo ya mkoba. Ofisi inasimamia upande wa mkoba tu. Picha zako na ujumbe wako hawavioni, jioni unaweza kuuzima mkoba wote, na siku ukiondoka wanafuta upande wao, wako unabaki. Ya pili ni simu nzima kuwa chini yao. Hapo wanaona programu zote zilizomo, na wakiamuru ifutwe, inafutika yote.

Dalili ya kuzitofautisha ni hii: wasifu wa kazini unawekwa kwenye simu inayotumika bila kufuta kitu. Wakikwambia lazima simu irudishwe kwanza kama ilivyotoka kiwandani, wanaichukua nzima. Simu ya ofisi, sawa. Simu uliyonunua kwa jasho lako, usikubali.

Hiyo A15 si simu ya kukutupia. Ilitoka mwishoni mwa 2023 na Samsung waliiahidi masasisho ya usalama ya miaka mitano. Ukipewa laini ya ofisi, piga *106# uangalie kama haijasajiliwa kwa NIDA yako. Na siku ya kuirudisha, toa akaunti yako ya Google kwanza ndipo uifute. Naletewa simu za ofisi zimejifunga kwa sababu aliyezitumia kaondoka na neno la siri lake.

A12 yako inahitaji betri mpya tu, hiyo ni kazi ya muda mfupi kwa fundi yeyote mzuri wa hapo Moro. Lakini kabla hujampa, okoa sauti za mama. Fungua mafaili, ingia Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, utakuta folda ya WhatsApp Voice Notes. Nakili yote kwenye memori kadi, A12 ina nafasi yake, halafu nakala nyingine weka kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini. Fanya leo hii, dada. Nimewahi kumrudishia mtu simu iliyokufa ubao, na alichokuwa anakitaka humo ni sauti ya baba yake.

AfisaMikopo_Moro

Asanteni sana. Sauti nimezinakili jana usiku, zipo 212. Nilikaa nikasikiliza chache, ya mwisho ananiuliza kama nimekula.

Leo nimewauliza Tehama kama alivyosema Fundi. Jibu lao: simu yoyote, hata ya mtumishi, lazima ifutwe kwanza. Basi nimejaza fomu ya simu ya ofisi. Kipengele cha wizi nimekikuta, nimeomba wakiandike upya, meneja wa tawi amekubali na kusaini.

Kuna jingine lililonifanya niamue, nashangaa sikuliwaza kabla. Galari yangu imejaa vitambulisho vya wateja, tangu 2021. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata isingekuwepo, wale akina mama walinipa kadi zao kwa ajili ya mkopo, hawakunipa nitembee nazo kwenye picha za harusi. Zikishahamia kwenye mfumo nazifuta zote kwangu.

A12 imebadilishwa betri, itabaki ya nyumbani na ya kikoba. Jumatano niko Magole. Namba mpya nitaiandika mwenyewe kwenye kitabu cha kila mwanachama, nikianza na cha yule mama, na kumwomba radhi mbele ya kikundi.