Wageni wa harusi London: walale wapi, wasafiri vipi, watembelee nini?

Swali

Wakubwa shikamooni, na wengine habari zenu. Mdogo wangu anaolewa London mwezi Juni. Ndoa itafungwa Jumamosi mchana katika Old Marylebone Town Hall, kisha karamu itafanyika jioni katika ukumbi ulioko Stratford. Familia imenipa jukumu la kuwaandalia wageni maelezo ya mahali pa kulala na namna ya kusafiri, kwa kuwa wengi wanatoka Dar es Salaam na Mombasa na hawajawahi kufika huko. Miongoni mwao wamo mama zetu wakubwa wawili ambao magoti yao hayawaruhusu kupanda ngazi nyingi. Naomba ushauri wa wanaoujua mji huo: wageni wakae karibu na mahali pa ndoa, karibu na ukumbi wa karamu, au katikati ya mji penye vivutio?

Jibu la kwanza

Hongereni sana kwa shughuli. Kwa maoni yangu wakae Stratford au jirani na hapo, kwa sababu kinachowachosha wageni wa harusi ni safari ya usiku. Mtu anayetoka ukumbini usiku wa manane akiwa amebeba mtoto aliyelala anahitaji kitanda kilicho karibu, ilhali asubuhi ya ndoa kila mtu ana nguvu ya kusafiri. Njia ya treni ya chini ya ardhi iitwayo Jubilee inatoka Stratford hadi Baker Street bila kubadilisha treni, na kutoka hapo hadi mahali pa ndoa ni mwendo mfupi kwa miguu. Iwapo kuna wageni watakaolala upande mwingine wa mji, wajue kwamba treni za Jubilee husafiri usiku kucha Ijumaa na Jumamosi, jambo ambalo njia nyingi nyingine hazina.

Mama zenu wakubwa, hata hivyo, wasipitie Baker Street, hata kama ramani inaonyesha kuwa ndiyo njia nyepesi, kwani majukwaa ya Jubilee pale hayana lifti. Nashauri wapande Elizabeth line kutoka Stratford hadi Bond Street, kwa kuwa vituo vyote vya njia hiyo, iliyofunguliwa mwaka 2022, hufikika kutoka barabarani hadi jukwaani bila kupanda ngazi hata moja, kisha wamalizie safari kwa teksi nyeusi. Njia hiyo hiyo itawafaa watakaotua uwanja wa ndege wa Heathrow. Treni watakayopanda ikiwa inaelekea Abbey Wood, washuke Whitechapel na kusubiri kwenye jukwaa lile lile treni inayopita Stratford.

Muulizaji

Nashukuru sana, jambo la lifti sikuwa nimelifikiria kabisa. Je, nauli hulipwaje? Tena Jumapili yote wageni watakuwa huru, kwa sababu wanaondoka Jumatatu. Wafanye nini?

Jibu la pili

Si lazima mgeni anunue kadi maalumu ya usafiri. Kadi ya benki inayolipa kwa kugusishwa kwenye mashine (contactless) inatosha, mradi kila mtu mzima awe na yake na atumie ile ile anapoingia na anapotoka kituoni, ndipo mfumo utakapoweza kuzijumlisha safari zake na kuacha kumtoza zaidi akifikia kikomo cha siku. Kwenye basi hugusishwa wakati wa kupanda tu, na noti au sarafu hazipokelewi kabisa tangu mwaka 2014.

Jumapili ningewapeleka Greenwich, mtaa wa kale ulio kando ya mto Thames. Najua wengi hukimbilia Buckingham Palace, lakini kwa kundi lenye wazee na watoto pamoja, hasa siku inayofuata harusi, Greenwich ina utulivu ambao katikati ya mji haupatikani. Jumba la makumbusho ya bahari halina kiingilio, meli ya kale ya Cutty Sark imesimama karibu na gati, na wenye miguu imara wanaweza kupanda kilima cha bustani na kuuona mji wote pamoja na mto. Kutoka Stratford wanakwenda kwa treni nyepesi ziitwazo DLR. Kurudi wapande boti ya mto hadi Westminster, katikati ya mji, wapite chini ya Tower Bridge wakiwa wameketi. Kwa mama zenu wakubwa hiyo ndiyo njia bora kuliko zote ya kuitazama London.

Ununuzi wausogeze Ijumaa. Sheria ya mwaka 1994 inaruhusu maduka makubwa kufunguliwa kwa muda wa saa sita tu siku ya Jumapili, na watakaorudi Stratford jioni watakuta yamefungwa.

Jibu la tatu

Naafiki yote yaliyosemwa, ila naongeza tahadhari moja kubwa: matengenezo ya reli London hufanywa mara nyingi mwishoni mwa wiki, na njia nzima inaweza kufungwa Jumamosi hiyo hiyo ya ndoa. Katika wiki ya harusi mteue kijana mmoja wa kufuatilia taarifa za usafiri na kuwatumia wageni ujumbe, kila safari ikiwa na njia ya pili.

Kwa wageni Waislamu, mjue kwamba mwezi Juni jua huzama London baada ya saa 21:00, hivyo Magharibi itawakuta karamuni. Mwombeni mwenye ukumbi chumba cha kuswalia mapema. Msikiti mkubwa wa East London Mosque uko Whitechapel, karibu na kituo, na mitaa ya hapo ina chakula halali kwa wingi.

Kila anwani iandikwe pamoja na postikodi yake (msimbo wa posta), kwa kuwa majina ya mitaa hujirudia katika mji huo na dereva anaweza kumfikisha mgeni mtaa wenye jina lile lile upande mwingine kabisa. Muda nao uandikwe kwa tarakimu za saa 24, yaani 14:00 badala ya saa nane, na wageni wakumbushwe kwamba mwezi huo London iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili.