Tupeane uzoefu: wewe uliyewahi kuhudhuria warsha ya bure ya uandishi, ulitoka na nini?

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi niko Kigoma mjini, Gungu. Mwaka jana nilihudhuria warsha ya uandishi wa kubuni kwenye chuo kimoja hapa kwetu, Jumamosi sita mfululizo, saa tatu hadi saa sita. Ada hakuna, cheti hakuna, unakuja na daftari lako. Naanza mimi, nanyi mfuatie.

Nilikwenda na hadithi ya kurasa 22 tayari mkononi: msichana wa kijijini, tajiri wa Dar es Salaam, ajali ya gari, ndoa. Mwezeshaji aliisoma yote, akanirudishia wiki iliyofuata. Alikuwa amepigia mstari sehemu moja tu, ukurasa wa tisa, pale mama wa yule msichana anapoengua mawese huku akiongea na jirani. Pembeni ameandika: "Hapa nimekuamini." Neno hilo nililala nalo wiki nzima. Dar nimefika mara mbili tu maishani, lakini mawese nimekamua na bibi yangu kijijini Mwandiga tangu sijaanza shule. Najua chikichi zikichemka ua mzima unanukaje, najua povu la rangi ya chungwa linavyopanda na bibi anavyolisukuma pembeni kwa upawa. Yule tajiri nikaachana naye. Nikaanza upya na bibi.

Kwako ilikuwaje?

#2
Mimi mvuvi wa Katonga. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ndipo nilipopata nafasi ya kukaa darasani. Niliandika kuhusu dhoruba, nikasema usiku ule ulikuwa wa kutisha sana. Mwalimu akaniuliza, "Wa kutisha kwa kipi?" Nikanyamaza kidogo. Halafu nikamwambia taa ya wenzetu ilizimika kule mbali, sisi sote tukaacha kuvuta wavu, tukabaki tunatazama pale ilipokuwa. Akasema, "Andika hiyo."

Ombi langu kwa waandaaji: pangeni warsha wakati wa mbalamwezi. Dagaa hawafuati taa mwezi ukiwa mkubwa, kwa hiyo watu wa vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, tunakuwa nyumbani. Mtatupata wengi.

#3
Wanangu, mimi ni mzee wa Ujiji, mtu wa tarbia, mashairi ya mishororo minne kila ubeti. Mizani, yaani silabi, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho, sina njia nyingine. Nilisoma shairi langu linaloanza "Ujiji nakukumbuka, miembe yako mirefu," vijana wakapiga makofi. Kisha binti mmoja akasoma lake juu ya baba yake aliyepanda treni asirudi tena. Vina hakuna, mizani hakuna. Mpaka leo sikubali kwamba lile ni shairi. Ila nilitoa leso, na sikuwa peke yangu.

Jambo ninalolishikilia ni kusoma kwa sauti. Mshororo ukiwa na mizani 15 badala ya 16, jicho linapita, ulimi unajikwaa.

#4
Mimi natokea Kasulu, na niseme ukweli, ya bure ina gharama zake. Nauli ya basi kwenda na kurudi, kulala kwa dada, kutoa kopi za kazi yangu wenzangu waisome. Warsha ya kwanza niliyokwenda, sitaitaja, niliambiwa nitoke nje kwa sababu mtoto analia. Alikuwa na miezi mitano. Niliumia sana, nikakaa karibu mwaka mzima sijashika kalamu. Ya pili, mama mmoja wa jikoni pale chuoni alimchukua mgongoni kwake bila kuombwa, nikaandika kurasa nne asubuhi moja. Mnaoandaa mambo haya, tafuteni mtu wa kushika watoto kabla hamjatafuta projekta.

#5 (mwanzisha mada)
Mzee wangu wa Ujiji, shikamoo. Dada wa Kasulu, pole sana kwa yale ya kwanza, na kurasa nne kwa asubuhi moja si kidogo.

Kundi letu tulianza watu 19, tumebaki saba. Chuo kimeturuhusu tuendelee kutumia kile chumba. Tumekubaliana kukutana Jumamosi iliyo karibu zaidi na mwezi mpevu. Ndugu wa Katonga, njoo na ile ya taa, tunataka kuisikia mpaka mwisho.