Naomba ushauri: nitampataje fundi wa kuezeka anayeaminika?

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha kwa mara ya pili kwa kazi ileile. Paa la nyumba yangu liliezekwa upya miaka 3 iliyopita na fundi aliyesifiwa na jirani, na tangu msimu wa kwanza wa mvua maji yamekuwa yakipenya pale paa linapokutana na ukuta, hadi ubao wa dari juu ya kitanda cha watoto umevimba na kufanya doa la rangi ya chai. Nilipopanda mwenyewe kutazama, nilikuta misumari kadhaa imepigiliwa kombo, mipira yake imepasuka, na bati moja limelalia jingine kwa upana usiozidi vidole 2. Fundi huyo sasa hapokei simu. Na kosa ni langu pia, kwa kuwa nilimlipa fedha zote kabla hajashuka kwenye ngazi.

Safari hii nimepata mafundi 2. Wa kwanza alitaja bei akiwa amesimama getini, jambo lililonitia shaka. Wa pili, ambaye ni ghali zaidi, aliingia darini kukagua kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, akachoma mbao kwa bisibisi kuona kama zimeoza, kisha akaniandikia vipimo.

Je, ni sawa kumwomba anipeleke kwenye nyumba aliyoiezeka miaka kadhaa nyuma, badala ya ile aliyoimaliza juzi? Na mkataba uandikweje ili sehemu ya malipo ibaki mkononi mwangu mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite?